Ukishaopolewa Majini

Siku shangazi yangu alipomaliza mionzi, kikundi cha WhatsApp tulichofungua kumchangia kilivunjika jioni hiyohiyo. Mweka hazina alituma jumla ya pesa zilizoingia na zilizotoka, akamshukuru kila mtu, akamalizia kwa aya ya Biblia. Kisha watu wakaanza kutoka, mmoja baada ya mwingine. Kufikia saa tatu usiku tulikuwa tumebaki wanne. Sidhani kuna aliyekosea. Tulichanga kwa ajili ya hospitali, na hospitali ilikuwa imeisha.

Shangazi ni fundi wa nguo sokoni Machakos. Kazi yake kubwa ni sare za shule, na pesa zake za mwaka mzima huingia zaidi Januari, wazazi wakikimbizana na tarehe ya kufungua. Alikuwa ameondolewa titi la kulia pamoja na tezi za kwapani, akapitia kemo, kisha mionzi Nairobi. Mkono wa kulia haukuweza kupita usawa wa bega. Siku ya mwisho kliniki alimuuliza daktari swali moja tu: "Daktari, sasa hii mkono itarudi kwa cherehani lini?"

Daktari alitabasamu. "Mama, wewe shukuru Mungu uko hai."

Alishukuru. Ni mtu wa shukrani. Lakini ndani ya matatu, tulipopita Mlolongo, aliniambia polepole, kana kwamba anaona haya: "Mwanangu, mimi sikumuuliza kama niko hai."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma historia ya saratani nikitafuta jambo moja: ni lini, na ni nani, aliyeanza kuuliza mgonjwa anataka kurudi kufanya nini? Nilidhani nitakuta jina la daktari bingwa. Nilichokuta ni kwamba kwa muda mrefu swali hilo lilibebwa na wagonjwa wenyewe, na madaktari walioliuliza wakaja kujifunza kwao.

*

Tuanze na upasuaji wenyewe. Mwishoni mwa karne ya 19, katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, daktari William Halsted alieneza njia ya kutibu saratani ya matiti kwa kuondoa titi lote, misuli ya kifua iliyo chini yake, na tezi za kwapani. Alichapisha matokeo yake mwaka 1894. Kwa wakati wake ilikuwa hatua kubwa, kwa sababu wanawake wengi walikuwa wakifika na uvimbe uliokwisha kupasuka, na hakukuwa na dawa. Njia hiyo ilitawala vyumba vya upasuaji kwa zaidi ya nusu karne.

Hebu tazama kilichohesabiwa. Walihesabu kama ugonjwa umerudi pale palipokatwa, na mgonjwa ameishi miaka mingapi. Mkono haukuwa na safu yake kwenye hesabu hiyo. Lakini mkono ulikuwepo. Misuli ikiondolewa, bega hukaza. Tezi zikiondolewa, majimaji hukosa njia ya kurudi, na mkono huvimba, wakati mwingine miezi au miaka baadaye. Mwaka 1921 Halsted mwenyewe aliandika kuhusu uvimbe huo, akaufananisha na ugonjwa ambao watu wa Pwani yetu wanaujua vizuri: matende. Kwa hiyo si kwamba hawakuona. Waliona, wakaliandika kama gharama ya kubaki hai.

Kwa nini ilichukua muda mrefu kulihoji hilo? Sababu moja ni aibu. Saratani haikutajwa hadharani, na titi halikutajwa hadharani, seuze vyote viwili kwa pamoja. Mwanamke alirudi nyumbani na kovu ambalo hakuna aliyemuuliza habari zake. Sababu nyingine ni ile ile ya daktari wa shangazi: mtu aliyetolewa mdomoni mwa kifo huonekana mkosefu wa shukrani akianza kulalamika kuhusu bega.

*

Mwaka 1952 mama mmoja wa New York, Terese Lasser, alifanyiwa upasuaji huo. Mumewe, J. K. Lasser, alikuwa mhasibu aliyejulikana sana kwa vitabu vya kuelekeza watu kujaza fomu za kodi. Yeye Terese hakuwa daktari wala nesi. Alipoamka alikuwa na maswali ya kawaida kabisa. Nitavaa nini? Nitainuaje mkono? Watoto niwaambie nini? Mume wangu je? Hakupata wa kumjibu. Basi akajijibu mwenyewe, kisha akaanza kuingia wodini kwa wanawake wengine waliotoka kukatwa, akiwa na mfuko mdogo. Ndani yake mlikuwa na titi la muda la kuweka ndani ya sidiria, kamba na mpira wa kufanyia mazoezi ya mkono, na maandishi ya kuwasaidia kuzungumza na waume na watoto wao.

Madaktari wapasuaji wengi hawakumpenda. Huyu ni nani anayeingia wodini bila ruhusa kuwafundisha wagonjwa wetu? Lakini wagonjwa walimtaka. Mpango wake aliuita Reach to Recovery, na jina lenyewe lilimaanisha mkono unaonyooshwa kukifikia kitu. Mwaka 1969 Shirika la Saratani la Marekani liliuchukua ukawa wake rasmi, na katika miaka ya 1970 ukavuka bahari hadi Ulaya.

Mpango huo ulikuwa na mipaka yake. Wengine baadaye waliulaumu kwa kujali sana mwanamke aonekanaje mbele ya watu, na kutojali sana anajisikiaje. Hata hivyo kuna jambo Lasser alilianzisha ambalo halijafutika: aliyepita njia anarudi kumwonyesha anayeianza. Yeye alikuja na kamba na mpira, na kwa vitu hivyo viwili akaonyesha kwamba kupona kuna kazi yake, na kazi hiyo hufanywa baada ya daktari kunawa mikono.

*

Wakati huohuo Afrika Mashariki ilikuwa na sura yake katika historia hii, sura ambayo hatufundishwi vya kutosha shuleni.

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago jijini Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt aliitwa kumtazama mtoto aliyevimba taya pande zote. Mwaka uliofuata alichapisha maelezo ya saratani hiyo ya watoto, ambayo leo inaitwa kwa jina lake. Upasuaji haukufaa kitu. Uvimbe ulikuwa unakua haraka mno. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1960, yeye akiwa Kampala na daktari Peter Clifford akiwa Nairobi, katika hospitali ambayo leo ni Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, walijaribu dawa za kemo zilizokuwa mpya duniani. Uvimbe uliyeyuka. Baadhi ya watoto hawakuugua tena. Ulimwengu wa tiba ulikuwa unaona jambo geni: saratani inayoweza kuondolewa kwa dawa bila kisu.

Mwaka 1967 kituo cha kutibu saratani hiyo kilifunguliwa Mulago kwa ushirikiano wa Makerere na Taasisi ya Saratani ya Marekani, chini ya daktari John Ziegler. Ndicho kilichokua kikawa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Wamarekani walipoondoka wakati wa utawala wa Idi Amin, daktari Mganda, Charles Olweny, alishika usukani, na kazi haikusimama.

Kinachonivutia mimi ni barabara. Ili kujua kama dawa inafanya kazi, kituo hakikuweza kungoja wagonjwa warudi wenyewe. Wafanyakazi waliwafuata hadi vijijini, kwenye njia za vumbi, wakiulizia nyumba ya fulani. Walitaka kujua nani yu hai na nani ugonjwa umemrudia. Kwa utafiti, hayo yalitosha. Kwa familia, gari hilo lilikuwa ishara kwamba hospitali haijamsahau mtoto wao.

Lakini fikiria mtoto wa miaka saba aliyepona. Amekosa shule miezi mingi. Meno yake yameharibika. Wenzake wanaogopa kukaa naye. Mama anaogopa kumpa jembe, na baba anashindwa kuamua kama alipe karo ya mtoto ambaye kila mtu alishamlilia. Gari la hospitali likifika, swali linalobebwa ni moja: yu hai? Ndiyo, yu hai. Gari linageuza.

Siwalaumu. Mtu anayezima moto hawezi kulaumiwa kwa kutopanga viti. Nasema tu kwamba hapa kwetu, mapema kuliko sehemu nyingi za dunia, tulikuwa tayari na watu waliobaki hai baada ya kemo, na swali la maisha yao lilikuwa tayari limesimama mlangoni.

*

Aliyelivunjia swali hilo mlango alikuwa daktari, lakini aliliuliza akiwa upande wa pili wa meza. Fitzhugh Mullan alikuwa daktari Mmarekani wa miaka 32 alipogundua mwaka 1975 kwamba ana saratani kifuani. Alipasuliwa, akapata mionzi na kemo, akakaa muda mrefu akiwa dhaifu. Alipona. Miaka kumi baadaye, Julai 1985, aliandika makala fupi katika jarida kubwa la udaktari la New England kuhusu kile alichokiita misimu ya kunusurika.

Alisema ni kosa kuwagawa watu katika mafungu mawili tu, waliopona na walioshindwa. Kuna msimu wa kwanza wa kugunduliwa na kutibiwa, ambapo hofu ya kufa iko karibu. Kuna wa pili, matibabu yakiisha, ambapo mtu anangoja na kuogopa huku mwili hauna nguvu na wale waliomzunguka wamerudi makwao. Na kuna wa tatu, uwezekano wa ugonjwa kurudi unapopungua, lakini alama zinabaki mwilini, kazini na mfukoni. Alitoa mfano ambao siwezi kuusahau. Alisema tiba imebuni ufundi mkubwa wa kuopoa watu wanaozama, lakini wakishafikishwa ufukoni tunawaacha hapo wakikohoa maji, tukiamini kazi yetu imekwisha.

Nilipousoma mfano huo nilikiona kikundi chetu cha WhatsApp. Saa tatu usiku. Wanne.

Mwaka uliofuata, 1986, Mullan na wenzake walikutana Albuquerque, katika jimbo la New Mexico, wakaanzisha muungano wa kitaifa wa manusura wa saratani. Walipendekeza kwamba mtu ahesabiwe manusura tangu siku anayoambiwa ana ugonjwa hadi mwisho wa maisha yake. Kwetu neno hili lina ladha nyingine. Tukisema manusura, tunamwona aliyetoka kwenye basi lililopinduka: ajali imepita, sasa anahojiwa na waandishi wa habari. Saratani haipiti hivyo. Ndiyo maana maana ya Albuquerque ina faida: inamruhusu mtu kuanza kupanga maisha yake tangu siku ya kwanza, bila kungoja kibali cha kupona.

Mwaka huohuo wa 1985 ulikuwa na habari nyingine kubwa. Majaribio yaliyoongozwa na Bernard Fisher nchini Marekani yalionyesha kwamba kwa wanawake wengi ambao uvimbe wao haujawa mkubwa, kuondoa uvimbe peke yake na kufuatisha mionzi kunawapa maisha marefu sawa na kuondoa titi zima. Maana yake, mengi ya yale yaliyokatwa kwa miongo mingi hayakuhitaji kukatwa. Haikutosha tena kuuliza tumeondoa nini. Ilibidi kuuliza tumembakishia mgonjwa nini.

*

Bado mkono. Kwa miaka mingi wanawake walioondolewa tezi za kwapani waliambiwa wasibebe kizito, wasivute, wasirudierudie kazi moja kwa mkono ule, usije ukavimba. Ushauri huo ulitolewa kwa nia njema. Lakini kwa mwanamke anayeishi kwa mikono yake, ni sawa na kumwambia amepona ila asiishi.

Mwaka 1996, huko Vancouver, Canada, daktari wa michezo Don McKenzie aliamua kuujaribu ushauri huo. Alikusanya wanawake 24 waliowahi kutibiwa saratani ya matiti, akawafanyisha mazoezi, kisha akawaweka kwenye mtumbwi mrefu wa mashindano wenye kichwa cha joka, kila mmoja na kasia lake. Kupiga kasia ni kazi ya mikono na mabega, ile ile iliyokatazwa, tena kwa kurudiarudia. Msimu ulipoisha, hakuna aliyepata uvimbe mpya wa mkono. Wanawake wenyewe walikataa kuushusha mtumbwi. Leo kuna timu kama hizo katika nchi nyingi.

Kundi lile lilikuwa dogo, na mtu mwangalifu angesema tusubiri. Mwaka 2009 jibu zito zaidi lilichapishwa. Utafiti ulioongozwa na Kathryn Schmitz uliwafuata wanawake 141 ambao mikono yao ilikuwa tayari imevimba. Walionyanyua vyuma kwa utaratibu, kuanzia na uzito mdogo na kuongeza polepole chini ya uangalizi, uvimbe wao haukuzidi kuliko wa wale ambao hawakunyanyua, na dalili zao zilipungua. Utaratibu ndio siri. Hakuna aliyesema mtu aamke kitandani akamate gunia la mahindi. Lakini jembe, mtungi na cherehani havikuwa tena miiko.

Nikitazama nyuma naona safari ndefu: kutoka mwaka 1921, mkono ukiwa gharama isiyohojiwa, hadi 2009, mkono ukiwa na mpango wake. Miaka 88. Na katika kila hatua walikuwepo wagonjwa waliokataa kuambiwa wanyamaze washukuru.

*

Na sisi Kenya? Mwaka 1990 Nairobi Hospice ilifunguliwa, nyumba ya kwanza nchini ya kuwatunza wenye maradhi yasiyotibika na kuwapunguzia maumivu. Ilileta utu mahali palipokosa hata dawa ya maumivu. Lakini picha tuliyobaki nayo vichwani ni kwamba mwenye saratani anahitaji mtu wa kumsindikiza. Mwaka 2010 Faraja Cancer Support Trust ilianza kazi Nairobi, ikiwapa wagonjwa na familia zao ushauri na huduma za kuutuliza mwili wakati wa matibabu. Hapo mgonjwa alianza kuonekana kama mtu mwenye kesho.

Siasa nayo ilichangia, tena kwa njia ya ajabu. Katika serikali ya muungano ya 2008 hadi 2013, afya ilikuwa na wizara mbili. Mawaziri wote wawili, Profesa Anyang' Nyong'o na Beth Mugo, waliugua saratani wakiwa ofisini, wakatibiwa Marekani, wakasema hadharani, wakarudi kazini. Mwaka 2012 Bunge lilipitisha Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Saratani, ambayo miongoni mwa malengo yake ni kupiga marufuku ubaguzi dhidi ya mwenye ugonjwa huo. Mwaka 2013 wote wawili waliingia Seneti, na baadaye Nyong'o akawa gavana wa Kisumu.

Bob Collymore, mkuu wa Safaricom, alikwenda Uingereza kutibiwa mwishoni mwa 2017, akarudi ofisini katikati ya 2018, akafanya kazi mwaka mmoja hivi kabla ya kufariki tarehe 1 Julai 2019. Mwezi huohuo tuliwapoteza mbunge Ken Okoth na gavana Joyce Laboso. Nchi nzima ilizungumza kuhusu kufa. Mimi nataka tukumbuke pia ule mwaka mmoja wa Collymore. Kiti chake kilikuwa kimemngoja. Fundi wa sokoni akiugua miezi minane, kibanda kina kodi, na mteja ana mtoto anayefungua shule.

Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yaliweka wagonjwa wapya wa saratani nchini kuwa takriban 42,000, na vifo takriban 27,000. Kwa hesabu hiyo ni rahisi kuona kwa nini nguvu zote zinakwenda kwenye kuzuia na kutibu. Mkakati wa kitaifa wa 2017 hadi 2022 uliyataja maisha baada ya matibabu, ukayaweka kwenye nguzo moja na tiba. Kuandikwa ni mwanzo. Huko Marekani, ripoti kubwa ya mwaka 2005 ilishauri kwamba kila anayemaliza matibabu apewe karatasi: ametibiwa na nini, aangaliwe lini na nani, atazamie nini mwilini, asaidiwe wapi. Karatasi haihitaji mashine ya mamilioni. Ningeongeza mstari mmoja tu juu kabisa: mgonjwa anataka kurudi kufanya nini?

*

Shangazi hakupewa karatasi. Alipewa mwanamke. Kwenye foleni ya kliniki, mama mmoja kutoka Kitui, ambaye hatujui hata jina lake la pili, alimwona akishika kiwiko akamwambia, "Dada, simama uangalie ukuta." Akamwonyesha kutambaza vidole ukutani kama buibui, kwenda juu hadi panapouma, kupumua, kushuka. Mara kumi asubuhi, mara kumi jioni. Akamwambia aweke alama ya kalamu pale vidole vinapofika, ili kesho aone kama amepita. Sijui mama huyo alifundishwa na nani. Lakini Lasser na mfuko wake angemtambua mara moja.

Wanne tuliobaki kwenye kikundi tulibadilisha jina lake. Tuliandika "Sare za Januari". Hatukuchanga nyingi. Mmoja alilipa kodi ya kibanda miezi miwili. Binti yake alikwenda Jumamosi kukata vitambaa, kwa sababu mkasi ndio uliomuumiza zaidi. Mimi nilitafuta mtaalamu wa mazoezi ya viungo katika hospitali ya kaunti, na huyo ndiye aliyeuliza, bila kuambiwa: "Mama, unafanya kazi gani?" Alipojibiwa, alimtaka alete kiti anachokalia kibandani, akione urefu wake.

Miaka mingine Shangazi hushona sketi sita kwa siku. Januari ile alishona mbili, siku nyingine moja, siku nyingine alifunga mapema akaenda kulala. Bado anaenda kliniki, na kila tarehe ya kupimwa ikikaribia hali chakula vizuri. Nyumbani kwake, ukutani kando ya dirisha, zile alama za kalamu bado zipo. Ya juu kabisa imepita fremu ya dirisha. Mwanawe alitaka kupaka rangi Krismasi iliyopita, akakatazwa.